Upinde wa Baba Mkwe

Baba mkwe alipopooza upande wa kushoto, mume wangu aliniomba nihamie kwa mzee, Kanzenze, kwa mwezi mmoja tu, mpaka mzee azoee fimbo. Mume wangu mwenyewe alikuwa na kazi Kigali na likizo yake ilikuwa imekwisha. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini Gisenyi, tumepanga vyumba viwili karibu na ziwa. Nikafunga begi moja la nguo za mwezi mmoja.

Mwezi huo ukawa mwaka na nusu. Kila asubuhi nilipanda pikipiki kwenda mjini kupitia Rugerero, na kila jioni nikarudi juu kwenye baridi, matope yamenikaukia kwenye visigino. Mama mkwe alishafariki zamani. Jirani mmoja mwanamume alikuwa anakuja kumwogesha mzee mara mbili kwa wiki, kwa sababu mimi, mke wa mwanawe, kwa mila sikuruhusiwa hata kulitamka jina lake, sembuse kumshika. Nilimpikia, nikamfulia, nikamwekea chakula mbele yake kisha nikarudi nyuma hatua mbili. Ndivyo tulivyoishi, watu wawili katika nyumba moja, wa karibu sana na wa mbali sana.

Kilichotuunganisha kilikuwa Kiswahili. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania. Yeye alikulia Masisi, ng'ambo ya Kongo, akichunga ng'ombe na kuwinda. Watu wa Kanzenze huzungumza Kinyarwanda, naye alikizungumza vizuri, lakini ugonjwa ulipompiga Kinyarwanda chake kikaanza kukwama, neno linatoka nusu na nusu nyingine haionekani. Kiswahili kilibaki kizima, kile cha Kongo chenye Kifaransa kidogo ndani yake. Kwa hiyo majirani wakija kumsalimia, mimi ndiye niliyekaa kati kupokea maneno yake na kuyageuza. Sikuweza kutoka hata kwenda kuchota maji bila mtu kuniita.

Msimu ule wa viazi, nguruwe mwitu walianza kuingia mashambani. Walikuja alfajiri, wakafukua matuta kwa pua zao kana kwamba trekta imepita, wakaondoka kabla watu hawajaamka vizuri. Kuwaua hakuruhusiwi. Anayeharibiwa shamba anatakiwa kuandikisha hasara na kusubiri. Nilijua hilo kuliko wengi, maana fomu za majirani wasiojua kuandika nilizijaza mimi, kwenye meza yetu, kwa kalamu yangu ya kusahihishia madaftari.

Jumapili moja baada ya ibada, mzee aliniambia niteremshe upinde uliokuwa umetundikwa ukutani sebuleni, niupake samli. Nikaupaka. Akasema niuvute aone kama uzi bado uko hai. Nikauvuta. Akasema niweke mshale, nipige lile gunia la maganda ya maharage pale kwenye ukuta wa jiko. Nilifanya hivyo ili amalize, nikaendelee na kazi zangu. Mshale uliingia katikati ya gunia, ukasimama.

Ilikuwa bahati tupu. Nilijaribu kusema hivyo. Lakini alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mdomo umepinda kama ulivyopinda tangu augue, na jicho lake zima lilikuwa linatoa machozi.

"Bon," akasema. "We iko na mukono."

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi. Kila jioni nikitoka shule, kabla sijavua viatu, upinde ulikuwa umeegemezwa kwenye kiti changu.

Alikuwa mwalimu mkali na mzuri, na hilo nalisema nikiwa mwalimu mwenyewe. Hakuweza kunishika mkono anionyeshe, kwa hiyo alinielekeza kwa ncha ya fimbo. Aligonga ardhi pale mguu unapotakiwa kukaa. Alinyoosha fimbo kuelekea kiwiko changu mpaka nikakishusha.

"Usifunge jicho. Macho yote mbili. Vuta mupaka ku kinywa, pale pembeni, kila siku pale pale."

"Mkono unauma, Baba."

"Itauma. Donc, vuta tena."

Alinifundisha kumwaga majivu kidogo nijue upepo unaelekea wapi. "Nguruwe haone muzuri," alisema, "lakini pua yake inaona kupita macho yako." Alinifundisha kwamba kichwa hakipigwi, maana mfupa wake ni mgumu. Napaswa kusubiri mnyama asimame ubavu, apeleke mguu wa mbele mbele zaidi, kisha nipige nyuma ya ule mguu, chini kidogo. Hatua kumi na tano, si zaidi. Mwenye kujifunza akipiga kutoka mbali anaumiza mnyama bure, na mnyama aliyeumizwa bure anakwenda kufia mahali asipoonekana. Hilo alilirudia sana. Nilihisi kuna mnyama mmoja wa zamani aliyekuwa anamkumbuka, lakini sikuuliza.

Uzi wa upinde ulinichapa mkono wa kushoto kila siku mpaka ngozi ya ndani ikawa na alama ya bluu na njano kutoka kiwiko hadi kifundo. Nikawa navaa sweta darasani. Siku moja nilijisahau nikakunja mikono nikiandika ubaoni, na saa nne mwalimu mkuu akaniita ofisini. Alifunga mlango taratibu.

"Mwalimu, nyumbani kuna amani?"

"Ipo."

"Mume wako alikuja wiki hii?"

"Hajaja. Ni ukuni, mama. Uliniangukia."

Aliniangalia mkono kwa muda mrefu. Aliamini napigwa, na sikuweza kumwambia ukweli, kwa sababu ukweli ulikuwa ni kwamba mtumishi wa serikali anajifunza kuua mnyama wa porini. Nilitoka pale nikiwa nimeusingizia ukuni, na yeye amemsingizia mume wangu moyoni mwake.

Nilimpigia mume wangu simu. Nikamweleza yote. Akacheka.

"Mfurahishe mzee," akasema. "Hao nguruwe hawatakungoja wewe."

"Nataka kurudi mjini."

"Vumilia kidogo."

Nilipokata simu, niliona hata hasira yangu haina mlango wa kutokea. Kumkatalia mzee ningewezaje? Alikuwa ameanza kula. Alikuwa anaamka kabla yangu. Majirani walisema mwalimu ana mikono ya baraka.

Jumamosi moja akasema ni leo. Saa kumi na moja alfajiri tulishuka shambani, yeye na fimbo yake, mimi na upinde chini ya kitenge. Ukungu ulikuwa mzito, na juu ya volkano ya Nyiragongo mawingu yalikuwa na wekundu kidogo. Kwenye kona ya shamba palikuwa na kibanda cha mabua ya mahindi, alichokijenga yule jirani kwa maelekezo ya mzee. Kilikuwa kifupi kama banda la mbuzi. Mbele kulikuwa na tundu la kupigia, nyuma uwazi wa kuingilia. Hapakuwa na nafasi ya hatua mbili. Nilikaa mbele nikimpa mgongo, magoti yamenifika kidevuni, naye akakaa nyuma yangu, na nikajikaza nisimguse hata kwa sweta.

Nguruwe wa kwanza aliyetokea alikuwa jike, na watoto watano wenye mistari.

"Huyu hapana," mzee akanong'ona. "Iko na watoto."

Nikashusha pumzi kwa furaha. Nilidhani tutarudi nyumbani. Lakini jike hakuondoka. Alifukua tuta moja, akafukua la pili, akazunguka taratibu na watoto wake mpaka akafika nyuma ya kibanda, upande wa uwazi. Nilimsikia akikoroma karibu kabisa. Nguruwe mwenye watoto akishtuka hakimbii kwanza, anakuja. Hilo nalo nilikuwa nimefundishwa.

Hatukuweza kutoka. Kisha upande wa pili, kwenye njia iliyopita juu ya shamba, nikasikia sauti za watu. Mkuu wa kijiji chetu alikuwa amesimama na wanaume watatu, wanazungumza habari za mfereji. Ningepaza sauti wangekuja kutusaidia. Wangekuja na kukuta upinde. Nilikaa kati ya nguruwe na serikali, na sikuweza kwenda kwa yeyote.

Sijui tulikaa muda gani. Jua lilianza kupenya kwenye mabua. Miguu yangu ilikufa ganzi. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya mzee inabadilika, inakuwa fupi fupi. Upande wake uliopooza ulikuwa unamvuta, na polepole, bila yeye kutaka, aliniegemea. Bega lake, halafu kichwa chake, juu ya mgongo wangu. Katika mwaka na nusu sikuwahi kumgusa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri.

"Nisamehe," akasema.

"Si kitu, Baba."

Baadaye kidogo nikahisi joto chini, kwenye majani tuliyokalia, na joto hilo likafika kwenye sketi yangu. Nikaelewa.

"Usigeuke," akasema. Sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

Sikugeuka. Nilitazama lile tundu mbele yangu na machozi yakanitoka, na sitasema yalikuwa ya huruma tu. Nilikuwa na hasira naye, na mume wangu, na nafsi yangu iliyokubali kila kitu kwa sauti ya upole. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, nimekaa kwenye mkojo wa baba mkwe ndani ya banda, na hakuna mtu aliyenilazimisha kwa neno hata moja.

Hapo ndipo dume lilipokuja. Lilitoka kwenye ukungu uliobaki, kubwa, manyoya ya mgongo yamesimama, likasimama ubavu hatua kama kumi. Mzee aliliona juu ya bega langu.

"Sasa," akasema.

Nilivuta. Macho yote mawili wazi, mkono pembeni ya mdomo. Mguu wa mbele ukaenda mbele. Kila kitu kilikuwa kama kwenye lile gunia la maganda. Nikashikilia, nikashikilia, mikono ikaanza kutetemeka, na mshale ukaondoka kabla sijauruhusu. Ulipita juu ya mgongo wake ukaingia kwenye tuta.

Dume likaruka. Jike nyuma yetu akapiga kelele, akapenya ubavu wa kibanda, si kwa kutushambulia nadhani, bali kwa kutafuta njia ya kumfuata mwenzake. Mabua yote yakatuangukia. Nilisikia kwato zikipita karibu na kichwa changu, watoto wakilia, kisha kimya, kisha sauti za wanaume wakikimbia kutoka njiani.

Nilitoa kichwa nje ya mabua. Mzee alikuwa amelala chali, hajaumia, suruali yake ya kaki imelowa mpaka magotini. Upinde ulikuwa pembeni yangu, mrefu, hauna mahali pa kujificha isipokuwa chini ya mabua. Nilikuwa na muda wa kufanya jambo moja. Wanaume walikuwa wameshaingia shambani.

Nilivua kitenge changu nikamfunga kiunoni, nikakizungusha mara mbili, nikakaza fundo. Nilimshika kwa mikono miwili nikamwinua. Mkuu wa kijiji alipofika, mzee alikuwa amesimama, amevaa kitenge cha maua, na upinde uko wazi kwenye matuta.

"Mwalimu," mkuu akasema, "hiki ni nini?"

Kabla sijajibu, mzee alizungumza kwa Kinyarwanda, neno kwa neno, kila moja likimtoka kwa jasho. Alisema upinde ni wake na aliyepiga ni yeye.

Mkuu wa kijiji aliutazama mkono wake wa kushoto unaoning'inia. Akatazama mkono wangu, sweta imepanda, alama zote ziko nje. Akainama akaokota upinde na ule mshale.

"Jumatatu mtafika ofisi ya sekta," akasema. "Wote wawili."

Tulikwenda. Tuliandika maelezo mbele ya ofisa wa serikali, tukaonywa, upinde ukabaki huko. Shuleni nako niliandika barua ya kujieleza, na mwalimu mkuu aliposoma mambo ya nguruwe alicheka mpaka akaketi, kisha akaniomba radhi kwa yale aliyomfikiria mume wangu. Nilidhani nitajisikia nimefunguliwa. Lakini jioni zilirudi zilivyokuwa, tena ndefu zaidi. Mzee alikaa kwenye kiti chake akitazama msumari mtupu ukutani. Akaanza tena kubakiza chakula.

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi, nilisema mbele yao wote wawili, nikiwa nimesimama mlangoni.

"Muhula ukianza, mimi narudi mjini."

Mume wangu alianza kusema kuhusu kuvumilia. Mzee akainua fimbo, akamnyamazisha.

"Mi nilijua," akasema. "Ile siku, mushale ilienda yenyewe. Mutu mwenye anataka kuua nyama hawezi tetemeka vile. Ulikuwa unataka kwenda."

"Utakuja na mimi, Baba?"

Alitazama ule msumari mtupu ukutani.

"Nitaenda wapi ingine?"

Sasa tunaishi mjini, nyumba yenye ua na ukuta mrefu, si mbali na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Kongo. Shamba la viazi tumemkodisha yule jirani. Nafika shuleni kwa miguu kwa dakika kumi. Jioni naweza kushuka ziwani nikakaa peke yangu, na mara nyingi nafanya hivyo. Mzee anashinda uani. Tangu asubuhi anasikia watu wanaopita nje kwenda mpakani na mizigo kichwani, wanawake wakiitana kwa Kiswahili chake cha utotoni, lakini ukuta unamzuia asiwaone. Hapa hakuna anayehitaji nimtafsirie. Hakuna anayekuja.

Juzi nilirudi mapema nikamkuta amesimama kwenye geti. Komeo letu linataka mkono mmoja uinue na mwingine uvute. Alikuwa ameegemeza fimbo ukutani, anainua kwa mkono wake mzima, kisha anajaribu kuvuta kwa bega. Nilisimama upande wa nje nikimsikiliza. Chuma kiliinuka, kikaanguka. Kikainuka, kikaanguka.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Sogea nifungue."

"Acha," akajibu kutoka ndani. "Naangalia tu kama inafunguka."