Choo Nilichomtengenezea Mama Mkwe

Mke wangu alikwenda kwao Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa wiki mbili. Mama yake alikuwa ameanguka bafuni akaumia nyonga, na watoto wake wengine wako mbali. Wiki mbili zikapita. Mahindi yakapandwa nyuma ya nyumba yangu, yakavunwa, mke hajarudi. Mimi nikabaki Kirumba, ng'ambo ya ziwa, kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu juu ya mawe, mtu ambaye darasa la nne sikulimaliza. Watoto wameshaoa na kuolewa. Vyumba vyote ni vyangu, na nilikuwa nalala kwenye kochi, maana kile kitanda kilikuwa kimekuwa kikubwa mno.

Sitaki kuhurumiwa. Naeleza ilivyokuwa. Jioni nilikula kwa mama lishe kule mwaloni, boti zinapotia nanga, halafu nikirudi nyumbani nafungua redio, si kwa kusikiliza, bali nyumba isinyamaze. Kabatini alikuwa amesahau kitenge kimoja. Sikukigusa. Nilikuwa nafungua mlango wa kabati, nakiona, naufunga.

Nilimpigia simu kila siku jua likizama.

"Unarudi lini?"

"Nimwache bibi na nani?" Mama yake tunamwita bibi, kama wanavyomwita watoto wetu.

"Mlete huku. Vyumba vimejaa buibui."

"Mzee, bibi hamalizi nusu saa bila kwenda msalani. Kwenye meli kuna ngazi, kuna foleni, kuna watu. Atakuja vipi?"

"Nitakuja na boti yangu."

"Boti yako ina choo?"

"Tutaweka ndoo."

Akacheka, lakini si kile kicheko ninachokipenda. "Ndoo, mbele ya mkwe wake? Bora afie hapa."

Alisema kweli. Sisi Wasukuma na wao Wakerewe, watu wa umri wetu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hali naye, na choo anachokitumia mmoja, mwingine hakikaribii akiwepo. Vijana wa sasa wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Shauri yao. Mimi ndoa yangu imezeeka, na bibi yule namfahamu zaidi kwa kikohozi chake nyuma ya mlango.

Sasa, choo kwenye boti kilikuwepo. Boti niliinunua mbovu kwa mtu aliyekuwa akitembeza watalii, nikaifufua mbao na injini, lakini kile chumba kidogo cha mbele nilikifanya stoo ya kamba. Ndani mle kuna bakuli dogo la kukalia, na pembeni pampu ya mkono. Ukigeuza kiswichi upande mmoja ukapampu, maji ya ziwa yanaingia kusafisha. Ukigeuza upande wa pili ukapampu, vyote vinasukumwa kwenye tangi. Tangi nimelifunga mimi. Maji ya ziwa hili ndiyo ninayoyanywa, siwezi kuyanyea.

Nikatoa kamba, nikapiga magoti. Mkono wa pampu ulikuwa mgumu kama umechomelewa. Watu wengi hapo wangeuvuta kwa nguvu wakauvunja. Mimi nilimimina mafuta ya alizeti ndani ya bakuli, nikauacha ulale nayo. Kesho yake ukasogea. Nikapampu, maji hayaji. Nikafunga koki inayozuia maji ya ziwa, nikafungua bomba linalotoka chini ya boti: limejaa mizizi ya magugu maji, na dagaa wamenasia humo. Nikalizibua kwa waya. Maji yakaja. Nikasukuma yaende kwenye tangi, yakaenda, halafu taratibu yakarudi kunichungulia bakulini. Hilo lilinisumbua zaidi. Nikafungua bomba la nyuma, nikakuta kile kiulimi cha mpira kinachozuia uchafu usirudi kimelegea, kimebaki wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Kukinunua, niagize wapi? Nilikata buti la mvua, nikachonga kingine, nikakipasua katikati kwa wembe. Kikashika.

"Kimepona?" mke wangu aliuliza kwenye simu, utafikiri mgonjwa wa hospitali.

"Kimepona. Kinalia kidogo tu ukikipampu."

"Kinaliaje?"

"Kama bata mzinga."

Akacheka, na safari hii kilikuwa kile kicheko chenyewe. Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata.

Nikavuka kwenda Nansio. Mambo yote ya choo ilibidi nimfundishe mke wangu, yeye amfundishe mama yake, kwa kuwa mimi siwezi kutamka neno choo mbele ya bibi. Koki ifunguliwe, kiswichi kushoto, pampu, kiswichi kulia, pampu, koki ifungwe. Usipoifunga, maji yanapanda yenyewe, maana bakuli liko chini kuliko usawa wa maji ya ziwa. Bibi akaingizwa botini amefunikwa khanga, mimi nimegeuka natazama injini. Nikasikia kikohozi kikipita nyuma yangu.

Mke wangu alikuja kukaa karibu na usukani. Alinukia sabuni ya kufulia na moshi wa kuni za kwao, nami nikapunguza mwendo bila sababu yoyote ya ufundi.

Kisiwa hakijawa mbali, bibi akaenda msalani. Akarudi. Akaenda tena. Sikusikia pampu. Nikadhani injini inaizidi. Mara mke wangu akaenda kuchungulia, akarudi amekunja uso.

"Kimejaa mpaka ukingoni."

"Amepampu?"

"Nimuulizeje?"

"Muulize!"

Akaenda, wakanong'ona Kikerewe. Akarudi anajizuia asicheke na asilie. "Hajapampu hata mara moja. Amejaribu kidogo, akasikia kile kilio. Anasema, kila nikimaliza nimpigie mkwe wangu tarumbeta?"

Na koki alikuwa ameiacha wazi. Mimi fundi nimekaa hatua chache kutoka pale, najua kila msumari, na kuingia siwezi. Mke wangu akaingia, nikawa namwelekeza kwa kelele, nimeupa mlango mgongo: "Funga koki kwanza! Kiswichi kulia! Pampu! Pampu, usiogope!" Na bata mzinga akalia ziwa zima. Choo kikakauka vizuri kabisa. Lakini bibi alikuwa ameshajifunika khanga kichwa kizima, na chini ya khanga ikatoka sauti moja: "Nirudisheni."

Nilisubiri mke wangu ambembeleze. Alimbembeleza. Sauti ikarudia. Nikageuza boti.

Mke wangu alipokuwa akishuka Nansio alinigusa begani tu, kwa sababu mama yake alikuwa anamngoja. Niliivuka ile njia peke yangu. Katikati ya maji nilizima injini, nikaingia kule mbele kukikagua choo, sasa hakuna wa kunizuia. Nilifungua kila kitu. Hakuna kilichoharibika. Ningekuta mpira umechanika ningefurahi, ningekuwa na kazi ya kufanya.

Siku nyingi baadaye akanipigia yeye. "Bibi amekubali kuja. Anasema choo ni kizuri. Kasoro yake ni wewe."

"Mimi?"

"Asikie mtu mwingine, sio mkwe wake. Tafuta nahodha."

Nahodha! Boti ile haijawahi kushikwa usukani na mkono mwingine. Nimewakatalia wenye pesa, nimewakatalia wanangu wa kuwazaa. Nilimwambia hapana, nikakata simu. Nikakaa sebuleni na redio yangu. Mtangazaji alikuwa anasoma bei za mazao. Nikaizima, nikampigia mke wangu, nikasema ndiyo.

Nikampa funguo Mjita mmoja mpayukaji anayeendesha mitumbwi ya dagaa.

"Mzee, ukiiona nimeikwaruza nichape."

"Sitakuchapa. Nitakuzamisha."

Siku ile nilikuwa mwaloni tangu asubuhi, natazama majini upande wa Ukerewe. Niliijua boti yangu kwa mlio kabla sijaiona, na nilijua Mjita anaikimbiza kupita kiasi. Nikainua mkono nimzomee, nikaushusha. Mbele, mlangoni mwa kile chumba, nilimwona mke wangu amesimama na kitambaa cha njano kichwani.

Walipofunga kamba ilinibidi niondoke. Bibi lazima apite kwanza. Nikajificha nyuma ya magunia ya dagaa, mwanaume mzima mwenye mvi.

"Mwenye boti yuko wapi?" nikasikia sauti ya mke wangu.

"Yuko nyuma ya magunia pale, anawakimbia," Mjita akasema, na wanawake wa dagaa wakaangua kicheko. "Safari nzima bata amelia, mama! Hata fisi wa nchi kavu wamekimbia."

Kikohozi kile kikasikika, kisha fimbo kwenye mchanga. Bibi alitembea polepole, anapumzika, anatembea. Nyuma yake zilikuja ndala ninazozifahamu. Zilipofika usawa wa magunia zikasimama.

"Ngoja," mke wangu akasema chini chini. "Bado hajafika kwenye bajaji."

Nikangoja.