Ua Moja la Dhahabu

Mji mzima wa Kanazawa ulimjua Kisaemon kwa mabamba ya panga, yale ya mviringo yanayokaa kati ya mpini na makali kukinga mkono. Alichonga humo hadithi za kale, na wenye panga waliyagombania. Mtaa haukujua kwamba tangu amzike mwanawe, mikono yake ilitetemeka hata kijiko kikamshinda. Patasi aliishika mjane wa mwanawe, Otsuya, nyuma ya pazia. Chuma hakikutiwa jina la mwanamke, basi sifa zikabaki za mzee.

Bwana Hotta alikuja kuchukua bamba lake. Hadithi ya kale ilichongwa humo: upande mmoja mzee mwema alirusha majivu na mti mkavu ukachanua; upande wa pili jirani mlafi, aliyeiba majivu yale, alimtia mtawala vumbi lake machoni.

"Mzee, huyu mlafi kafanana na shemeji yangu," Hotta alisema akicheka.

"Bwana anatania."

"Sitanii hata kidogo. Hebu niongezee ua moja la dhahabu hapa tawini. Sasa hivi, nikiona. Nikawaringie wenzangu kwamba nimemwona Kisaemon kazini."

Otsuya alikuwa akiingia na chai, na neno la kweli lilishamfika Kisaemon mdomoni. Akalimeza.

"Niwie radhi, bwana. Mkono wangu huyu mkwe ameumwagia maji ya moto. Mzembe kupindukia."

Otsuya aliweka sinia, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. "Ni kosa langu, bwana."

"Unajua ni mkono wa nani umeuunguza, wewe?" Hotta alifoka.

"Najua, bwana."

Hotta aliahidi kurudi mkono ukipona, akaondoka akisonya. Kisaemon aibu ilimjaa hadi masikioni, asiweze kumtazama mkwewe. Otsuya alivuta kigoda, akachonga ua, akalijaza dhahabu, kisha akageukia mahali pa jina palipokuwa bado patupu.

"Mwanangu, ngoja," mzee alisema. "Leo weka lako. Lawama nitazibeba mimi."

Otsuya alilipangusa bamba.

"Langu silijui kuliandika, baba," alisema. "Hakuna aliyenifundisha. Ninalolijua ni lako tu."

Akainama, akaanza kuchonga: Kisaemon.