Samansi Iliyopitia kwa Jirani

Nilimwona jirani yangu wa hapa Sindo akiiba pikipiki sokoni Migori, nikaenda polisi kuandikisha ushahidi. Nimekoma! Kila nikifunga kibanda changu cha samaki na kusafiri hadi korti ya Migori, naambiwa kesi imeahirishwa: leo mpelelezi hayupo, siku nyingine faili haionekani. Hata pole sipewi. Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana, ananenepa tu.

Sabato iliyopita, kwaya ikiimba, askari wawili waliingia kanisani na waranti ya kunikamata mimi, shahidi, eti nimekaidi samansi ya korti. Walijua Msabato hakosi kanisani Jumamosi. Sasa ningelala seli hadi Jumatatu.

"Samansi gani, afande?" nilifoka. "Mimi sikuletewa chochote!"

"Mama, usitupigie kelele. Sindo ni mbali. Mshtakiwa alipokuja kortini tulimpa yeye akuletee. Si ni jirani yako?"

Niligeuka kumtafuta. Alikuwa mstari wa mbele kwenye kwaya, kitabu cha nyimbo mkononi, akiimba besi kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote.