Mtu wa Kula Naye

Kwetu Kasongo chakula si cha mtu mmoja. Wanaume wanakula barazani, wanawake uani, kila kundi na sinia yake, na yeyote anayepita njiani wakati mikono imo ndani ya wali lazima aitwe. Unamwambia "Karibu", naye anakujibu "Asante, nimeshiba", hata kama tumbo linamnguruma, au ananawa mikono na kuketi. Mtu anayefunga mlango ili ale peke yake, watu wanamtazama vibaya. Mama yangu hakuzunguka maneno, alisema huyo ni mchawi.

Nyumbani tulibaki wawili, mama na mimi. Baba alifariki nikiwa bado nasoma kwa mapadri, na dada zangu walikuwa wameolewa, mmoja Kongolo, mwingine Wamaza. Nilikuwa tayari na ndevu, lakini nilikula sinia moja na mama yangu uani, na vijana wa mtaa wakaniita mtoto wa jikoni. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, ila kwa hilo sikugombana na yeyote. Ningeketi barazani na nani? Na yeye angekula na nani?

Nilipomaliza shule, padri mkubwa aliniita. Alikuwa amenitafutia nafasi katika chuo kikuu cha mapadri, kule karibu na Leopoldville. Alikuwa mtu mwema kwangu, siwezi kumsingizia. Lakini miaka yote ile, kila asubuhi wenzangu walipoingia kanisani, mimi mtoto wa Kiislamu nilikaa kwenye benchi nje, peke yangu, nikihesabu mijusi ukutani. Na kila mwaka padri aliniuliza kwa upole kama bado sijafikiria ubatizo. Nilichoka na upole ule. Nikasikia kwamba Elisabethville kuna chuo kikuu kipya cha serikali, kikubwa, na kwamba huko hakuna anayekuuliza unaswali wapi. Nikasema, ni huko huko. Padri hakukasirika. Aliniambia tu kwamba kule nitakuwa peke yangu, na mimi nikamjibu kwa kiburi kwamba upweke nimeuzoea tangu kwenye benchi lake. Jamani, ujana! Nilikuwa nasema kitu nisichokijua.

Mama alisema hawezi kuamua bila kaka yake. Nikachukua baiskeli mpaka Kabambare kumwona mjomba, mkulima wa mpunga na pamba, Mkristo, na mtani asiyejua kuchoka. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika mbavu. Bulamatari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, yeye alimjua kama mtu wa kupima pamba na kukamata kodi. Tangu lini anafundisha watu? Jioni nzima aliniuliza kama nitarudi na mizani begani. Mapadri angalau tunawajua, alisema, wanapenda roho zetu. Bulamatari anapenda nini kwetu? Nikanuna. Lakini asubuhi, nilipokuwa najaza gurudumu upepo, alinifungia kuku kwenye baiskeli na kunituma kwa dada yake neno moja: mtoto akililia wembe, mpe.

Mama alipopokea kuku na maneno, hakuuliza habari za walimu wala za masomo. Aliuliza huko watu wanakula namna gani. Nikamwambia watu ni watu, wanakula kama watu. Akaendelea kutwanga sombe, majani yetu ya muhogo, kisha akaweka mchi chini.

"Nenda," alisema. "Lakini kama mpaka likizo kubwa haujapata mutu wa kula naye sahani moja, utarudi hapa na kufungua duka ya baba yako. Sitaki mutoto wangu akule kama muchawi."

Nikaapa. Wallahi, niliona sharti jepesi kuliko hilo hakuna. Nilifikiri mama amenionea huruma.

Nilipanda lori la pamba mpaka mto Lualaba, tukavuka, nikaingia treni upande wa pili. Ndani ya treni bado nilikuwa mtu. Mama mmoja mwenye watoto wake alifungua kitambaa cha muhogo na samaki wa kukaushwa, akaniita karibu, nikanawa, nikala. Alisema Kiluba na mimi Kiswahili, na hakuna aliyekosa tonge. Sikujua kwamba naaga.

Chuo kilikuwa kikubwa kwa macho yangu. Majengo ya saruji, bustani zilizokatwa sawasawa, na vijana wa Kizungu wengi ambao walijuana tangu shule zao. Sisi weusi tulikuwa wachache sana, na kila mmoja alitoka mbali. Nilipewa chumba changu peke yangu, kitanda, meza, na ufunguo. Nilikaa kitandani nikiutazama ule ufunguo. Kwetu mlango unafungwa mtu akisafiri. Hapa niufunge ili nani asiingie?

Siku ya kwanza ya kula, nilipanga mstari kama wengine, nikapewa sahani yenye viazi na kipande cha nyama, nikatafuta meza. Niliketi na kungoja. Nilingoja watu wanawe, waje, tuanze. Kijana mmoja Mbelgiji akaketi mbele yangu na sahani yake. Nikasema karibu, kwa Kifaransa changu cha mapadri, na nikaisukuma sahani yangu katikati ya meza, kati yetu, kama inavyotakiwa. Akaitazama. Akanitazama. Kisha, kwa adabu kabisa, akamwita mtumishi na kumwambia huyu bwana hapendi chakula chake. Mtumishi akaiondoa.

Nilikaa pale mikono mitupu. Yule kijana akanitabasamia, akaona amenisaidia, akaendelea kukata nyama yake. Na mimi nikikasirika sili. Niliinuka na kwenda zangu, na kesho yake nilinunua mkate, nikaula chumbani nimesimama dirishani. Watu walipopita chini niliwaambia karibu, kwa sauti ndogo ambayo hawakuisikia. Kisha nikaona aibu, maana nilikuwa nimefunga mlango.

Nilikuwa mpweke. Sina neno la kupamba jambo hilo. Wakazi wa mji walicheka Kiswahili changu, wakasema kinanuka msikiti. Ijumaa nilitembea mbali kutafuta watu wa kuswali nao, nao walikuwa wafanyabiashara wazee waliokuwa na haraka ya kurudi dukani. Baridi ya kule ni baridi ya kuingia mifupani. Nilijifunika blanketi mchana, nikamkumbuka mama akipuliza moto, na nilitamani hata kelele za wale waliokuwa wakiniita mtoto wa jikoni.

Lakini kulikuwa na mwalimu wa mimea. Siku moja alichora ubaoni mzizi wa mpunga, akaonyesha namna unavyopumua ndani ya maji. Mpunga! Nimeupanda, nimeuvuna, nimeupepeta, wala sikujua kwamba unapumua. Nilitaka kusimama niwaambie wote kwamba hicho ni chakula chetu, cha Kasongo. Tangu siku ile sikukosa somo lake hata moja. Na tangu siku ile nikaanza kuogopa kiapo changu, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza.

Nikarudi kula na watu. Aliyekubali kuketi nami kila siku alikuwa kijana wa Kasai, mpole, mwenye bidii kuliko sisi wote. Alikuwa na tabia moja. Akianza kula, mkono wake wa kushoto uliizunguka sahani kama ua unavyozunguka nyumba. Nilipomuuliza alisema amelelewa bweni la mapadri tangu mdogo, na huko asiyelinda sahani yake alilala njaa. Nilimweleza sharti la mama. Hakucheka. Alisema anamheshimu mama yangu, lakini hajawahi kula sahani moja na mtu, hajui inaanzia wapi.

Siku ya Idi nilimsihi. Wale wazee wa Ijumaa walikuwa wamenigawia pilau katika sufuria ndogo, nikaileta chumbani, nikaiweka kwenye sahani moja, tukaketi chini. Alinawa, akachukua tonge la kwanza vizuri, nikafurahi moyoni. Tonge la pili, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kuizunguka sahani, na mimi nimebaki nje. Aliuona, akauondoa. Ukarudi. Tukacheka wote wawili mpaka akaacha kucheka.

"Unisamehe," alisema. "Mukono ndiyo unakataa."

Nikamgawia nusu kwenye kifuniko cha sufuria, akala yake, nikala yangu.

Nilifaulu mtihani. Katika treni ya kurudi sikula vizuri, kwa sababu nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Matonge mawili ya Idi, je, si kula sahani moja? Mtu wa sheria angesema ndiyo. Lakini kiapo sikumwapia mtu wa sheria, nilimwapia mama, na mama alijua kula ni nini.

Aliniuliza siku ileile, kabla hata sijafungua mizigo. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele.

"Ulipata mutu?"

"Hapana, mama. Sikupata."

Akaendelea kuchagua mawe. Nikamwambia kiapo ni kiapo, nitafungua duka. Nikaenda kulitazama, nikafuta vumbi kwenye rafu, nikarekebisha bawaba ya mlango, na roho yangu ilikuwa inauma kiasi kwamba niligombana na bawaba. Nilikuwa nawaza mzizi wa mpunga. Nani sasa angenionyesha mizizi mingine?

Niliporudi uani ndipo nilipoona. Sinia yetu ilikuwa imetundikwa ukutani jikoni, na buibui alikuwa ametandaza nyumba yake juu yake. Karibu na mtungi kulikuwa na sahani moja ndogo, imeoshwa, imefunikwa. Nikamuuliza jirani yetu, mwanamke aliyezoeana na mama tangu zamani, kama hawakula pamoja mwaka wote. Akasema alimwita kila siku. Kila siku mama alimjibu kwamba ameshiba, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilipata uchungu ambao Elisabethville yote haikunipa.

Jioni ile, jua bado lipo, mama alileta chakula. Wali, sombe, na samaki. Alikuwa amekipakua kwenye sahani mbili. Akaweka moja mbele yangu, akaketi na yake upande wa pili wa mkeka.

"Mama, sinia iko wapi?"

"Sinia ni ya watu wanaobaki. Weye utarudi kule."

"Niliapa."

"Uliniapia mimi. Mimi nimekufungua." Alinawa mikono bila kunitazama. "Kula yako. Ujizoeshe, kama mimi nilivyojizoesha."

Nilishindwa kuanza. Nikaisukuma sahani yangu katikati ya mkeka, kati yetu, kama nilivyofanya siku ile ya kwanza chuoni.

"Karibu, mama."

Aliitazama ile sahani. Kisha akanijibu kama anavyojibu mtu anayepita njiani.

"Asante," alisema. "Nimeshiba."

Sahani yake ilikuwa bado imejaa.