Wiki Moja ya Mfalme wa Vicheko

Filamu mpya ya Mfalme wa Vicheko ilipangiwa kumbi mbili tu nchi nzima, siku saba, onyesho moja kwa siku, tena saa kumi alasiri, wakati mwenye kazi yuko kazini na asiye na kazi amelala. Waandishi wa magazeti walioonyeshwa mapema walikuwa wameichana vipande vipande. Mmoja aliandika kwamba amewahi kucheka zaidi akiwa kwa daktari wa meno. Lakini mkataba ulitaka filamu ipite ukumbini wiki nzima kabla haijauzwa kwa televisheni, basi ikaletwa shingo upande, kama mtoto anayepelekwa shule ili jina lake lisifutwe tu.

Mojawapo ya kumbi hizo mbili ni ule ambamo Fundi amefanya kazi miaka ishirini na miwili. Fundi ni mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kazi yake ni kurusha picha. Chumba chake kiko juu ya viti vya nyuma. Unakipanda kwa ngazi ya chuma inayopiga kelele, na humo ndani kuna mashine, feni moja, kidirisha cha kuchungulia ukumbi na kirungu cheusi cha kupandisha na kushusha sauti. Aliposoma jina la filamu kwenye ratiba ya meneja, alikaa kwenye kiti chake akacheka peke yake, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. Malipo ni hapa hapa duniani, alijisemea, ila hakutegemea yaletwe hadi mlangoni kwake.

Maana huyo Mfalme alikuwa shemeji yake, si wa damu bali wa sahani. Miaka sita alikula nyumbani kwake, akalala kwenye kochi lake, akimwita mume wake kaka. Mume wake wakati huo alikuwa mchekeshaji wa sherehe, na watu walimwita Bwana Kiti kwa sababu ya kichekesho chake kimoja. Anaingia kama mgeni aliyechelewa, anapewa kiti. Anakitazama. Anakifuta vumbi, anakitikisa, anakizunguka, anakivizia kwa nyuma kama mtu anayemshuku mwizi. Dakika saba nzima hakai, na wala hasemi neno. Akikaa, pale mwisho kabisa, watu walikuwa wanadondoka. Fundi aliwahi kuona bibi harusi akilia kwa kucheka hadi wanja ukafika kidevuni.

Kisha koo la Bwana Kiti likaugua. Wakampasua, akapona, lakini sauti iliyobaki ilikuwa mnong'ono wenye mikwaruzo. Wiki tatu baada ya upasuaji, mdogo wake wa kula naye akatokea kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Akafanya nini? Akauigiza ule mnong'ono. Akamwigiza kaka yake anaagiza chai hotelini na mhudumu hasikii, na watazamaji wakavunjika mbavu. Bwana Kiti aliiona akiwa amelala na bandeji shingoni. Toka siku hiyo akifungua mdomo dukani, wauzaji wanauma midomo wasicheke, na wengine hawajisumbui hata kuuma. Akaacha kutoka. Mwaka wa tisa huu yuko ndani, anashona mikoba ya ngozi ambayo mke wake huipeleka sokoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini nani anamuuliza aliyeviunda?

Fundi hakusahau. Hasira yake aliiweka kiporo, akawa anaipasha moto kila anapoona bango la yule kupe. Sasa kupe huyo alikuwa mikononi mwake kila siku saa kumi. Siku ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja. Ya pili saba. Ya tatu watatu, mmoja akalala. Fundi aliweka jicho kwenye kidirisha akausikiliza ukimya wao tangu mwanzo hadi mwisho, na jioni alikwenda nyumbani mwepesi.

"Leo hata mmoja hakucheka," alimwambia mumewe.

"Basi, mwache," mumewe alinong'ona bila kuinua macho kutoka kwenye ngozi.

"Yeye alikuacha?"

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia. Katikati ya filamu, kupe amekiweka kile kichekesho cha kiti. Chote, kuanzia kufuta vumbi hadi kuvizia kwa nyuma, kama alivyokiona kwenye sherehe mia. Ila ameongeza maneno. Anaongea mfululizo: hiki kiti vipi jamani, hiki kiti kina njama, ona ninavyokizunguka. Debe tupu haliachi kuvuma. Kichekesho kimekufa, na kila siku Fundi alikiangalia kikifa, akaumia na kufurahi kwa pamoja.

Siku ya saba meneja alipanda ngazi huku anahema. Alisema Mfalme mwenyewe anakuja leo, na anakuja na mama mmoja wa televisheni anayetaka kumsainisha vipindi vya miaka mitatu. Huyo mama amesema wazi kwamba ya magazeti hayamhusu, anataka kusikia kwa masikio yake kama watu wanacheka. "Kwa hiyo nimegawa tiketi za bure chuo cha uuguzi," meneja alisema. "Wasichana arobaini. Vijana hawakosi kucheka. Usiniangushe, Fundi."

"Mimi narusha picha tu, bosi," Fundi alijibu.

Wauguzi wakaja na sare zao, wakajaza safu za katikati. Mama wa televisheni akakaa pembeni na mkoba mapajani. Mfalme akakaa nyuma yake, na kutoka juu Fundi aliona kipara kilichoanza kutoka, akakifurahia. Nusu saa ya kwanza wasichana walikuwa na adabu, kisha wakaanza kutoa simu. Mama alitazama saa yake mara mbili. Hapo Fundi angeweza kukunja mikono akaiacha filamu ijizike yenyewe, maana ilikuwa inajichimbia vizuri. Lakini kikakaribia kile kiti, na yeye akaona hatakubali kumsikia tena yule mtu akikibwabwajia. Akashika kirungu cheusi, akakizungusha hadi mwisho, sauti ikakatika.

Alijua hatasumbuliwa upesi. Ukumbi ule una sheria ya tangu enzi za mwenye jengo wa kwanza: sauti ikikatika, fundi asisimamishe picha mpaka mtu apande ngazi kulalamika. Mzee yule alisema mtu gizani huvumilia ububu, ila ukimzimia picha anadai kiingilio chake. Fundi akakaa kusubiri zomeazomea.

Badala yake akasikia kicheko kimoja. Chembamba, cha msichana. Kisha viwili. Kwenye kitambaa cheupe cha picha Mfalme alikuwa anakifuta kiti vumbi, mdomo unacheza bila neno, na bila neno kiti kilikuwa kiti tena. Alipokitikisa, safu nzima ikacheka. Alipokizunguka, msichana mmoja akampiga mwenzake begani. Fundi alisimama, akaegemea kidirisha kwa mikono miwili. Zile hatua alizijua. Lile bega linaloshuka kwanza kabla ya mguu, alikuwa amelala nalo kitanda kimoja miaka thelathini. Mumewe alikuwa mle ukumbini anachekesha watu, na hakuwemo.

Ngazi ikapiga kelele. Mfalme aliingia jasho likimtoka.

"Fundi, sauti..." Akamwona usoni. "Shemeji?"

"Karibu."

"Sikujua bado uko hapa. Rudisha sauti, tafadhali, yule mama..." Kicheko kikapanda kutoka chini, kikamkata. Alisogea kwenye kidirisha akachungulia. Mama wa televisheni alikuwa ameinama mbele, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika.

Mfalme akatazama kwa muda. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ndogo. "Acha. Acha hivyo hivyo."

"Hao hawakucheki wewe."

"Najua."

Miaka tisa Fundi alikuwa ameandaa maneno ya siku hii, matusi mengine akiyatunga sokoni, na hakutegemea jibu hilo. "Unajua nini?" akamuuliza. "Sema."

"Wanamcheka kaka."

"Basi shuka ukamwambie huyo mama. Sasa hivi. Mwambie kiti ni cha nani, na mwambie yuko wapi na kwa nini hatoki nje."

"Nitamwambia, shemeji. Wallahi nitamwambia. Tukishasaini."

Alisema vile kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Fundi akamtazama usoni, akamwona yule yule wa kwenye kochi, aliyekuwa anasema atachangia mchele mambo yakikaa sawa. Kule chini wasichana walikuwa wameshikana mikono, maana kwenye kitambaa mtu alikuwa amekigeuzia kiti mgongo, magoti yameanza kukunjika.

Fundi akarudisha sauti, yote.

"...sasa nakaa jamani, mnaniona nakaa, hiki kiti leo..." Maneno yalimwagika ukumbini. Kicheko kilichokuwa kimeshajaa vifuani kikakosa pa kutokea. Mtu wa kwenye kitambaa akakaa, akaeleza kwamba amekaa, na hakuna aliyecheka. Msichana mmoja akakohoa. Mama wa televisheni alingoja kidogo, kisha akafunga mkoba wake, akatembea kuelekea mlango wenye taa nyekundu. Mfalme alishuka ile ngazi mbio akimwita, na Fundi akasikia viatu vyake hadi barabarani. Moyo wake ulikuwa mtamu. Alikula utamu ule njia nzima ya kurudi nyumbani, na hakuuonea haya.

Mumewe alikuwa anatia nta uzi. Fundi akamsimulia yote, na kwa mara ya kwanza akamwambia kuhusu kiti. Mumewe akaweka uzi chini.

"Walicheka?" alinong'ona.

"Walivunjika mbavu. Wasichana arobaini. Hawajawahi hata kukuona."

"Kwenye kuzunguka?"

"Tangu kufuta vumbi."

Uso wa yule mzee ukafunguka, na Fundi akaona ni miaka mingapi ulikuwa umefungwa. "Na sauti uliirudisha wapi?"

Fundi akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya kanga. Alikijua kichekesho kile kuliko mtu yeyote duniani, isipokuwa huyu aliyekuwa anamtazama.

"Kabla hajakaa," alisema.

Mumewe akauchukua tena uzi wake, akatafuta tundu la sindano.

"Angesaini," Fundi alisema. "Ningengoja, yule kupe angesaini."

"Angesaini, ndiyo," mumewe alinong'ona. "Lakini kwenye kukaa wangecheka."