Bibi Wawili Jikoni kwa Mama

Harufu ya tui zito likichemka na muhogo, alasiri ya Ramadhani, hadi leo hunirudisha katika jiko letu la mtaa wa Amani, jiko jembamba la kumtosha mtu mmoja, ambalo mwaka ule lilibeba wanawake watatu. Bi Mwanaidi, mama yake baba, alikuja kutoka Mkokotoni na mkoba wa nguo za mwezi mzima. Bi Zuhura, mama yake mama, aliposikia hivyo naye akahamia kwetu, akisema hataki binti yake aelemewe. Mama akaelemewa kuanzia hapo. Mmoja alipunguza moto, mwingine akauchochea. Mmoja alitia bizari, mwingine akauliza ni nani aliyewafundisha watu kutia bizari katika muhogo. Kila mmoja alimwita baba pembeni kumshitakia, naye akamjibu kila mmoja, "Sawa, mama," kisha akaenda msikitini kabla ya imamu.

Mama alichoka. Alimwambia baba waziwazi kwamba asipozungumza nao, Ramadhani iliyobaki atajipikia mwenyewe. Baba akaahidi kuzungumza nao kesho yake, na kesho ilipofika, akaja na wenzake wa kazini kufuturu.

Siku hiyo mama alipika huku akitoka mara kuanua nguo, mara kutandika mkeka. Wako wapishi ambao wakifunga hugusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi na kuutema, lakini bibi zangu waliona huko ni kuichezea saumu. Chumvi kwao ilikuwa ya kukisia tu. Adhana ilipolia, wageni wakameza tonge la kwanza, wakanyoosha mikono kwenye maji, wala hawakurudi kwenye sahani. Baba akaja mlangoni kwetu wanawake, uso umemsawijika, akasema muhogo ni chumvi tupu.

"Nilikwambia, mwanangu, mkeo mkono wake mzito," alisema Bi Mwanaidi.

Bi Zuhura, kwa mara ya kwanza, alikubaliana naye: binti yake hasikii.

Mama aliweka kikombe chini taratibu. "Mimi leo sikutia chumvi hata chembe."

Bibi zangu wakatazamana. "Kumbe na wewe umetia?" aliuliza Bi Zuhura.

Hapo ndipo baba alipopata ulimi. "Mama zangu, kuanzia kesho jikoni ataingia mwenye jiko tu. Nyinyi mtafuturu kama wageni." Bi Mwanaidi alirejea Mkokotoni asubuhi, amenuna, na Bi Zuhura, alipokosa wa kushindana naye, akaenda kwake.

Jiko langu la leo ni pana, na humo haingii mtu mwingine. Lakini kila alasiri simu hulia juu ya kabati: mama anaagiza nipunguze moto, mama mkwe anataka nitie ndimu, na mume wangu huwasikiliza wote wawili kwa adabu kubwa. Bibi zangu waliweza kutolewa jikoni. Hawa hawakuingia, nitawatoa vipi?