Paipu Nyembamba Mbele ya Wakwe

Hii habari nilikuwa nimeapa kwenda nayo kaburini, lakini kwa vile hapa Manga kila mtu ana yake ya kueleza kuhusu ile Jumapili, na kuna wanaoapa mchana kweupe kwamba ni mimi kwa mwili wangu niliyefanya kile ambacho spika ilifanya, heri mnisikie mwenyewe, halafu mcheke mkijua mnachekea nini. Niliaibika, jamani. Mpaka leo nikipita sokoni mtu akikohoa tu, nageuka kuangalia kama ni mimi anayenikoholea.

Mimi naitwa Makori, natengeneza redio, simu na chochote kinachotumia stima, na ugonjwa wangu ni spika. Hizi za dukani zilizokwisha kufungwa sizitaki. Nachukua spika tupu, naiundia boksi yake ya plaiwudi, napima, nakata, nagundisha, halafu nawapigia majirani muziki wapende wasipende. Sasa nilikuwa nimemwomba Moraa, msichana wa Marani, tuoane, akakubali, ikabaki watu wa kwao waje kuona boma letu kama ilivyo desturi, wajue binti yao anapelekwa wapi. Na wa kumpendeza alikuwa mmoja tu, baba yake, Mzee Momanyi, mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, ambaye hakuwa amenipenda hata kidogo. ("Fundi wa redio?" aliwahi kumwuliza Moraa. "Hiyo ni kazi ama ni mchezo?") Na Moraa alikuwa ameniambia wazi kwamba bila baraka ya baba yake haolewi na mtu, na mimi namjua Moraa, akisema amesema.

Bahati yangu, au tuseme mkosi wangu, Mzee Momanyi huimba besi kwenye kwaya ya kanisani kwao, na ni besi ya kutetemesha madirisha. Moraa akanitumia kwa simu wimbo wao mmoja ambao mwisho wa kila ubeti wengine wote wananyamaza, mzee anashuka peke yake, anashuka, anashuka, mpaka unashangaa kama chini kuna mahali pengine pa kwenda. Mimi nikasema, haya basi, nitaunda boksi ya besi ambayo mzee akijisikia ndani yake atanipa binti na ng'ombe asiitishe.

Hapa niwaeleze kidogo, msichoke. Boksi ya besi huwa na tundu, na kwenye tundu unaweka paipu inayoingia ndani ili boksi ipumue, na hapo ndipo ile besi nzito hutokea. Upana wa paipu na urefu wake huenda pamoja: ikiwa pana lazima iwe ndefu, ikiwa nyembamba inatosha ikiwa fupi, na kwa hesabu zote mbili zitakupa besi ileile. Kwa hesabu! Ubaya ni kwamba hewa nyingi ikilazimishwa kupita kwenye paipu nyembamba haipiti kwa adabu, na hilo nililijua vizuri sana, sitawadanganya.

Mpango wangu ulikuwa paipu pana, ile ya maji machafu. Lakini nilipopima nikaona inataka kuwa ndefu kuliko boksi yenyewe, kwa hivyo ingebidi niikunje kwa elbo, ile kona ya kuunganishia paipu, na elbo sikuwa nayo, ilikuwa mpaka nishuke Kisii mjini, na hiyo ilikuwa Ijumaa jua likielekea kutua. Sisi ni Wasabato, sawa na watu wa kina Moraa, na kwa mama yangu jua likigusa kilima, nyundo inalala, msumeno unalala, na wewe mwenye nyundo unaenda kuoga.

"Makori!" akaita kutoka jikoni. "Hiyo kelele unaimaliza ama nikuje niimalize?"

"Mama, kidogo tu!"

"Hiyo kidogo umwambie Mungu, si mimi."

Kesho yake ni Sabato, huwezi kugusa kitu, na wageni wanafika Jumapili asubuhi. Sasa pale ukutani kulikuwa na kipande cha paipu nyembamba kilichobaki tulipomwekea mama sinki, kifupi, kisafi, kinaingia bila elbo wala maneno, kinaniangalia. Nikakichukua. (Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, wala sikuusikia ukipita.) Nikakikata, nikakigundisha, nikafunga spika kwa skrubu za mwisho mama akiwa tayari amesimama mlangoni anaangalia jua, hata nafasi ya kukung'uta vumbi lililokuwa ndani sikupata. Na vumbi lenyewe lilikuwa la yale mawe ya sabuni wanayochonga kule Tabaka, jeupe, laini kama poda ya mtoto. Nalichanganya na gundi kuzibia nyufa, na kwa ile haraka kopo lilikuwa limenimwagikia ndani ya boksi karibu lote.

Jumamosi jioni, Sabato ilipoisha, nikaijaribu kwa sauti ya chini kwa sababu mama alikuwa amejipumzisha. Ilikuwa tamu! Hewa kidogo, fujo hakuna, besi imejaa nyumba yote, nikajipongeza mwenyewe kwa mkono, nikalala nikiwa tayari nimeoa.

Jumapili wakaja: Mzee Momanyi na kofia yake, mama yake Moraa, shangazi wawili, na Moraa mwenyewe kwa nyuma anaangalia chini. Upande wetu mzungumzaji alikuwa baba mdogo Ratemo, ndugu ya marehemu baba yangu, mtu wa maneno mengi na maharagwe mengi. Sasa kuna kitu lazima mkijue. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mtu na wakwe zake. Mbele ya baba mkwe huchezi, hutani, na mambo ya mwili hayatajwi, hayasikiki, hata kuyafikiria unafikiria ukiwa nyumbani kwako. Likitokea la kutokea, hakuna wa kucheka na hakuna wa kuuliza. Mnakaa nalo hivyo hivyo.

Wakala, wakashiba, baba mdogo Ratemo akasimama akasema, "Wageni wetu, huyu kijana ametengeneza kitu na mikono yake mwenyewe, na ametafuta wimbo ambayo mzee ataijua." Nikawasha. Kwaya ikaanza, polepole, safi kabisa, na nikaona uso wa Mzee Momanyi ukifunguka, akatambua ni wao, akafumba macho, akainua kidole.

"Ongeza kidogo," akasema.

Nikaongeza. Wengine wakanyamaza, sauti ya mzee ikaanza kushuka, ikafika chini kabisa, na boksi yangu, mbele ya wazee, wageni na mchumba wangu, ikatoa prrruuuuuup.

Mama akamwangalia Ratemo, Ratemo akaangalia sahani yake ya maharagwe, halafu wote wawili wakaniangalia mimi. Mtasema si ningezima. Umzime baba mkwe akiwa katikati ya sauti yake mwenyewe, amefumba macho, anatabasamu? Sikuthubutu. Nikachukua kistuli, nikakiweka mbele ya boksi, nikakaa nikiliziba tundu kwa mgongo, nikakunja mikono kama mtu anayefurahia muziki, nikidhani koti langu litameza ile hewa.

Ubeti wa pili ukafika, mzee akashuka, na ile hewa ikanipiga mgongoni, koti likapepea, na sauti ikatoka prup-prup-prruuuup, sasa ikitoka kwangu kabisa, hakuna tena wa kumshuku Ratemo. Mama yake Moraa akavuta leso akafunika uso. Shangazi mmoja akageukia ukuta akaanza kusoma kalenda. Mzee akafumbua macho, akaniangalia, akayashusha sakafuni haraka.

Bado ningeweza kuokoka hapo, lakini baba mdogo Ratemo akaamua kunisaidia. Akafikiri muziki ukiwa mkubwa ile sauti nyingine haitasikika, akanyoosha mkono akazungusha amplifaya mpaka mwisho. Ubeti wa tatu, basi. Mzee Momanyi wa kwenye wimbo akashuka kwa nguvu zake zote, boksi ikanguruma kama nyati anayeumwa tumbo, na vumbi lote la Tabaka likatoka kwa mkupuo mmoja, wingu jeupe, likapanda polepole kutoka nyuma ya koti langu, likazunguka taa, likaanza kuwashukia wageni mabegani.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniua. Wangecheka ningejua la kufanya, lakini wakakaa pale weupe, kimya, na heshima zao. Ratemo akazima. Mzee Momanyi akasimama, akachukua kofia, akatoka nje. Nikamwangalia Moraa, naye machozi yalikuwa yamejaa machoni. Nilimpenda huyo msichana, na nilikuwa nimempoteza kwa sababu ya kipande cha paipu ya sinki.

Nikatoka kwa mlango wa jikoni nivue koti nikalie huko. Na nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, nikamwona Mzee Momanyi amekumbatia mgomba kwa mikono miwili, mabega yanamtetemeka. Nikajua ni hasira. Halafu nikasikia. Alikuwa anacheka! Anacheka mpaka anachuchumaa, anajifuta machozi kwa kofia, anajaribu kunyamaza, anajisemea "prruuup" kwa sauti ya chini, anaanguka tena. Nikarudi kinyumenyume asinione, maana hata hilo lingekuwa kosa.

Aliporudi uso ulikuwa wa jiwe. Akakaa.

"Tulikuwa tumefika wapi?"

"Kwa... kwa wimbo, mzee," Ratemo akasema.

"Wimbo tumesikia."

Mama akashindwa kuvumilia. "Mzee, msimlaumu mtoto. Ni mimi. Hiyo kitu haikuwa imeisha, ni vile Ijumaa jua lilikuwa linatua nikamwambia aache."

Mzee akauangalia ukuta, si mimi. "Aliacha?"

"Aliacha."

"Wageni wako njiani, kazi haijaisha, na akaacha kwa sababu ya Sabato." Akatikisa kichwa. "Basi huyo anaweza kukaa na binti yangu. Tuongee ng'ombe." Halafu, bado kwa ukuta: "Lakini hiyo kitu isikanyage Marani."

Haikukanyaga. Siku ya harusi kwaya yao iliimba yenyewe, wimbo uleule, na mwisho wa ubeti wa kwanza wote wakanyamaza, Mzee Momanyi akafungua kinywa, na kwa bahati mbaya macho yake yakakutana na yangu. Hakikutoka kitu. Alisimama pale mdomo wazi, ameangalia dari, kofia ameiminya kifuani, mpaka kwaya ikaendelea bila besi.

Mimi siku hizi boksi naianza Jumatatu, paipu pana, elbo mbili moja ya akiba, na nakung'uta ndani mpaka ungeweza kulia ugali humo. Mzee naye aliacha besi, amehamia sauti ya tatu, ile ya juu ya besi. Wakimwuliza anasema ni umri. Mimi nikiulizwa, nakubali ni umri.